Ubora wa Sukari Guru ya Mnazi: Hotuba ya Katibu kwa Wanachama



Katika sikukuu hii ya miaka kumi tumetakiwa tuseme neno juu ya ubora wa sukari guru yetu. Liko jambo moja lililoleta maneno baina ya wagema na wapikaji. Mbona tembo la mashamba yale yale ya Mbagala leo hutoa sukari ngumu yenye rangi ya dhahabu, na kesho, kwa jiko lile lile, hutoa sukari nyeusi, yenye kunata, ambayo mnunuzi wa Kariakoo huirudisha? Wagema huwalaumu wapikaji, na wapikaji huulaumu moto. Sisi twaona kwamba mara nyingi sukari imekwisha haribika kabla haijafika jikoni.

Tembo lidondokapo kutoka katika panda iliyokatwa kwa kotama huwa tamu tupu, halina kileo. Karibu sehemu 15 katika 100 ni sukari, nayo takriban yote ni ya namna ile ile ya sukari ya miwa. Lakini chachu za hewani, za miguuni mwa nyuki, na zaidi ya zote zile za mashapo ya kibuyu kisichooshwa, huanza kazi mara moja. Huivunja sukari ikawa glukosi na fruktosi, ambazo hazigandi vyema na huvuta unyevu wa hewa. Kisha huigeuza kuwa kileo, na vijidudu vingine huleta uchachu. Joto letu la mchana huharakisha yote hayo.

Watu husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa sukari, maji si adui mkubwa. Yatatuongezea kuni, nazo ni ghali, maana hata tembo safi lataka lita 7 hivi kwa kilo moja ya sukari. Lakini maji hutoka kwa moto. Sukari iliyokwisha vunjika hairudi, hata kwa mpikaji hodari.

Wenzetu wa Java na Sri Lanka, waliorithi kazi hii kwa mababu, hutia kinga katika chombo kabla ya kukitundika: Java chokaa au ganda la mangostini, Sri Lanka gome la mti uitwao hal. Kwetu chokaa yatosha, ile safi ya tambuu, wala si ya kupakia nyumba. Ipakwe ndani ya chombo kilichooshwa kwa maji ya moto, tena kidogo, kwani ikizidi sukari huwa nyeusi na chungu.

Hapa ndipo penye ugumu wenyewe. Mgema wa tembo la kunywa hayachukii mashapo, maana hulifanya tembo kuwa kali upesi, na mteja humlipa taslimu chini ya mnazi. Sisi twamtaka mtu huyo huyo aoshe chombo asubuhi na jioni, apake chokaa, awahi kufika, kisha alipwe kwa lita sawasawa na jirani yake asiyefanya lolote! Hiyo si haki, wala hatuwezi kushangaa akichoka.

Kwa hiyo halmashauri imependekeza kila dumu lipimwe kwa karatasi ya litmasi mbele ya mwenyewe. Tembo likiigeuza karatasi nyekundu halitapokelewa. Lililo safi litaongezwa bei. Wazee watasema ulimi wa mgema wajua zaidi. Ulimi huo twauheshimu, ila hauwezi kuwa hakimu wa dumu la mwenyewe. Na atakayetia chokaa tele njiani ili kuificha chachu atagunduliwa karaini.

Kwa wapikaji tuna machache. Chujeni kwa kitambaa safi, enguweni povu, punguzeni moto tembo likianza kuwa zito, na mwipue tone lake likiganda katika maji baridi. Sukari iliyopoa katika vifuu ifungwe siku ile ile, hasa wakati wa masika.

Nyongeza ya bei ni kiasi gani, halmashauri haikukubaliana. Jambo hilo litaletwa mbele yenu baada ya chakula, nasi twaomba wagema wa Bunju na wa Mbagala wawe wa kwanza kusema.