Vifaa vya Baiskeli: vya Kununua na vya Kujitengenezea

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi, Kisumu)



Tuliombwa tuseme habari ya vifaa vya kutengenezea baiskeli nyumbani: ni vipi vinafaa kununuliwa dukani, na ni vipi mtu aweza kujifanyia mwenyewe. Jambo hili si dogo kwetu. Wako wengi hapa ambao hutoka Nyalenda, Manyatta, Kibos na hata Ahero alfajiri kwa baiskeli, na afikaye baada ya lango kufungwa hukatwa saa zake. Mwenye kukata haulizi kama tairi lilitoboka.

Zamani ulikuwa huendi mbali mjini kabla ya kumwona fundi wa baiskeli chini ya mti. Baiskeli za boda boda, ambazo mwanzo wake ni kule mpakani Busia katika miaka ya 1960, zilijaa hapa Kisumu na zililisha mafundi wengi. Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo. Pikipiki zikashika njia, na mafundi wengi wakazifuata. Hatuwalaumu, maana fundi huenda aliko mteja. Lakini sisi tuliobaki na baiskeli yatupasa kujua kufungua nati wenyewe.

Katika mazungumzo yetu wako wasemao kwamba chombo cha kujitengenezea ni alama ya umaskini. Wengine wasema kununua ni kumnenepesha mwenye duka bure. Sisi twaona pande zote mbili hazikuuliza swali lenyewe, yaani chombo hiki kitafanya kazi gani? Kama kazi yake ni kuinua, kukwaruza au kuegemeza, jifanyie. Kama kazi yake ni kushika nati kwa nguvu, nunua, tena nunua kizuri.

Tuanze na mambo rahisi. Cha kutolea tairi ni mpini wa kijiko kizito cha chuma, uliosuguliwa kwa tupa mpaka usiwe na ncha. Usitumie bisibisi, kwa sababu hubana tyubu na kutoboa tundu la pili wakati unaziba la kwanza. Cha kukwaruzia tyubu kabla ya kupaka solusheni ni kipande cha bati kilichotobolewa kwa msumari, kama mbuzi ya nazi ya mtoto. Pampu ikikosa pumzi usiitupe. Mara nyingi ni ile ngozi ya ndani iliyokauka, basi kata nyingine katika kiatu kikuukuu, iloweshe mafuta, uirudishe. Na gurudumu likipinda, pindua baiskeli juu chini, funga msumari kwenye uma karibu na rimu, ulizungushe. Msumari utakuonyesha pale rimu inapokwenda upande. Lakini ufunguo wa spoku wenyewe ununue. Nati zile ni laini, na ufunguo usiokaa sawasawa huziharibu moja baada ya nyingine.

Sasa kota, maana hapa ndipo baiskeli nyingi huuawa. Pini ile inayoshika mkono wa pedeli kwenye ekseli ya katikati imekaa kama kabari. Watu hulegeza nati, wakachukua nyundo, wakapiga. Pigo lote hupita katika ekseli na kuangukia gololi na vikombe vyake. Vikombe vikiisha kupata makovu, pedeli husaga kama jiwe la mtama, na hapo gharama si ya kota tena. Dawa yake ni kipande cha bomba la maji la chuma ambalo tundu lake laweza kupokea kichwa cha kota. Kikate urefu wa kutoka chini mpaka kwenye mkono wa pedeli. Kisimamishe juu ya saruji, mkono wa pedeli ukae juu yake, kichwa cha kota kikiangalia ndani ya tundu. Acha nati imeshika juu kidogo ili meno yasipondeke. Piga pigo moja la nguvu, wala si mapigo ishirini ya woga. Nguvu itashuka katika bomba hadi ardhini, gololi zisiguswe, na kota italegea. Toa nati, uivute kwa mkono. Kipande hicho hupatikana kwa wauza vyuma vikuukuu, na twakithamini kuliko spana nyingi zing'aazo.

Tumesema zing'aazo kwa makusudi. Mwenzetu mmoja alinunua seti nzima katika duka moja mjini. Wiki ya kwanza spana ilifunguka mdomo ikala pembe za nati ya gurudumu la nyuma. Nati ikabidi ikatwe kwa patasi, na nusu siku ya mshahara ikaenda. Kwa hivyo nendeni dukani na tupa ndogo mfukoni. Ipitishe kidogo ukingoni mwa spana: chuma kigumu huiteleza tupa, na chuma laini hukubali kuliwa. Mwenye duka akikataa usijaribu, basi umekwisha jibiwa.

Angalieni vipimo pia. Baiskeli za zamani za Uingereza zilipimwa kwa inchi, na spana nyingi zinazouzwa sasa ni za milimita. Spana inayokaribia haitoshi, kwa kuwa ndiyo hasa huviringisha nati. Na pedeli ya kushoto hufunguliwa kinyume, kwa kuzungusha upande wa saa. Wengi hukaza huku wakidhani wanafungua, mpaka meno yote yameisha.

Mtu akitengeneza kitasa cha mlango vibaya, mlango hukwama. Nati ya gurudumu isipokazwa vema katika barabara ya Kano, pamoja na trekta na malori ya miwa, twajua linaloweza kutokea.

Hata hivyo spana ya pedeli, kifaa cha kutolea friwili na spana nzuri za inchi na za milimita hutumika mara mbili tatu kwa mwaka. Hakuna haja kila nyumba kununua. Twapendekeza tawi linunue seti moja iliyo imara, iwekwe katika sanduku lenye kufuli ofisini. Aazimaye aandike jina lake na siku katika daftari, na arudishe kabla ya Jumamosi jioni, kwa sababu Jumapili ni siku ya Kibuye na ndipo wengi wetu hupakia mizigo mizito. Mweka Hazina ataanza kupokea michango baada ya mkutano huu, na vipande vya bomba vitakatwa hapa hapa, kila mtu aje na kipimo cha baiskeli yake.