Sukari, Homa ya Ini C na Saumu
(Mazungumzo na vijana na wazazi baada ya Swala ya Alasiri, Kakamega)



Ndugu zangu, wazazi wetu, leo nina jambo lisilozungumzwa sana. Ukiwa na sukari, kisha ukapimwa ukaambiwa una homa ya ini aina ya C, hayo si magonjwa mawili yaliyokutana njiani tu. Ini ndilo ghala la sukari mwilini. Kirusi kikilivuruga, insulini haisikizwi, sukari inapanda.

Zamani tiba ilikuwa sindano za interferoni na tembe za ribavirini, miezi 6 hadi 12, homa na uchovu juu yake, na mwenye mwili usiosikia insulini alikuwa na nafasi ndogo zaidi ya kupona. Mwisho wa 2013 ikaja tembe ya sofosbuviri. Siku hizi humezwa pamoja na daklatasviri au velpatasviri, kwa kawaida wiki 12, na watu zaidi ya 95 katika kila 100 hupona, wenye sukari wakiwemo. Ndugu zetu wa Misri, ambao sindano za kichocho za miaka ile ziliwaeneza ugonjwa huu, walipima watu karibu milioni 50 kati ya 2018 na 2019.

Sasa hapa nipeni masikio. Kirusi kikianza kuisha, insulini inaanza kusikizwa tena. Dozi ya insulini au glibenklamidi iliyotosha jana, leo inazidi. Tia hapo saumu ya saa 13 na zaidi! Mama anatetemeka, jasho linamtoka, maneno yanampotea, na sisi tunasema, "Ni saumu tu." Apimwe. Ikiwa chini ya 3.9, afungue papo hapo, hata kama Magharibi imebaki dakika kumi. Surat al-Baqara imemruhusu mgonjwa. Atalipa siku nyingine, na asiyeweza kabisa kuna fidya.

Kwa hivyo muone daktari kabla ya mwezi kuandama, na dawa zako zote mkononi, apange dozi upya. Tembe hizi za ini ni mara moja kwa siku, unaweza kumeza wakati wa futari. Usiruke hata siku moja. Na kuchoma kidole hakufunguzi, masheikh wengi wamesema hivyo.

Ila pini ya kidole na mashine yake haviazimwi, hata baina ya mume na mke. Damu isiyoonekana kwa macho inatosha kupitisha kirusi, na chanjo ya C haipo. Ile mnayoisikia ni ya B.