Dini, Ulimi na Mkate wa Mfanyakazi

(Maneno ya hotuba iliyotolewa Nakuru mbele ya wafanyakazi, viongozi wa dini na wanamageuzi)



Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi hulisema kwa sauti ya chini tu, hasa wakiwa kazini. Mfanyakazi akitamka neno ambalo mwenzake, au mkubwa wake, analihesabu kuwa tusi kwa dini, je, ni halali anyang'anywe kazi yake? Na mwumini anayeudhiwa kila siku kwa ajili ya imani yake, katika banda la kupakia maua au katika ofisi ya serikali, je, aambiwe avumilie tu kwa kuwa kila mtu ana uhuru wa kusema?

Haya si maswali ya wasomi peke yao. Hapa kwetu, kuanzia Naivasha na Gilgil hadi Njoro na Molo, hufanya kazi bega kwa bega Wakatoliki na Wapresbiteri, Waislamu, Waadventista wa Sabato, Wakorino na vilemba vyao, na wengine wasiosali kokote. Baadhi yao hulala katika nyumba za mwajiri, hata kazi ikiondoka, paa nalo huondoka. Kwa hiyo anayezungumzia barua ya kuachishwa kazi anazungumzia mkate wa jamaa nzima.

Kwanza tukumbushane tulikotoka. Kifungu 2A kiliingizwa katika Katiba ya zamani mwezi wa Juni 1982, kikaifanya KANU kuwa chama pekee halali. Kikafutwa Desemba 1991. Katika miaka hiyo kati, wakati vyama vimezibwa, waliothubutu kusema walikuwa mara nyingi watu wa dini. Mwaka 1986 KANU ilipoamua kwamba katika uteuzi wa chama wapiga kura wapange mlolongo nyuma ya wagombea, Baraza la Kitaifa la Makanisa lilipinga. Hoja yao moja ilikuwa wazi: mchungaji akionekana amesimama nyuma ya mgombea mmoja, atawahudumia vipi waumini waliosimama nyuma ya mwingine? Jarida la Baraza hilo, Beyond, lilipigwa marufuku mwaka 1988 baada ya kuandika juu ya udanganyifu wa uchaguzi wa mlolongo. Tarehe 1 Januari 1990 Mchungaji Timothy Njoya alihubiri Nairobi, akitazama jinsi tawala za chama kimoja zilivyoanguka Ulaya ya Mashariki na kuuliza maana yake kwa Afrika. Na hapa Nakuru, Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki hakunyamaza wakati wa mapigano ya kikabila yaliyoanza mwaka 1991.

Maneno hayo yaliwaudhi wakubwa, tena wakubwa waliokuwa wakihudhuria ibada kila Jumapili. Laiti kipimo cha sheria kingekuwa ni maudhi ya msikilizaji, mahubiri yale yasingalisemwa kamwe. Tunawaomba viongozi wetu wa dini walikumbuke hilo kila wanaposhawishiwa kudai kwamba neno fulani linyamazishwe kwa sababu limeudhi. Mlango uliowatoa wao gerezani ndio huo huo tunaotaka ubaki wazi kwa kibarua.

Sasa tuitazame sheria. Kifungu cha 138 cha Kanuni ya Adhabu kinamtishia kifungo cha mwaka 1 mtu yeyote anayeandika au kutamka neno, anayetoa sauti, anayefanya ishara au kuweka kitu mbele ya macho ya mwenzake, kwa kusudi la kuumiza hisia zake za kidini. Kifungu hiki hakikuzaliwa hapa. Asili yake ni Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, ambayo Waingereza waliitumia huku kwetu pia kabla ya kututungia Kanuni yetu ya mwaka 1930. Mkoloni hakuwa akitafuta uhuru wa raia. Alitaka utulivu miongoni mwa watu wa dini mbalimbali aliowatawala bila ridhaa yao. England na Wales zilifuta kosa lao la kale la kukufuru mwaka 2008. Sisi tulilifuta kosa la uchochezi dhidi ya serikali katika mageuzi ya mwaka 1997, na Mahakama Kuu ikakibatilisha kifungu cha 194 kuhusu kashfa ya jinai mwaka 2017. Lakini 138 kimekaa kitako.

Ndugu zetu wa Tanzania wana kifungu cha namna hiyo hiyo, cha 129, nao wametupatia funzo. Hamisi Rajabu Dibagula, Mwislamu, alihukumiwa Morogoro mwaka 2001 kifungo cha miezi 18 kwa kusema hadharani kwamba Yesu si mwana wa Mungu bali ni mtume. Hukumu ile ilizua ghadhabu na maandamano Dar es Salaam. Mahakama Kuu ilimwachilia huru lakini ikaiacha hatia palepale. Ndipo Mahakama ya Rufani mwaka 2003 ikaifuta hatia yenyewe.

Tulitafakari jambo hilo, waheshimiwa. Maneno yale kwa Mkristo ni mwiba. Kwa Mwislamu ni nguzo ya imani. Na Mkristo anapokiri kwamba Yesu ni Mwana wa Mungu, naye anakanusha analoliamini Mwislamu aliyeketi karibu naye. Mwadventista akisema Sabato ni Jumamosi, amekwisha kuwakosoa wote wanaosali Jumapili. Kila anayekiri imani yake anakataa, kwa kukiri huko, sehemu ya imani ya jirani yake. Sheria ikiadhibu kila kukanusha, itaadhibu kila kuamini. Ndiyo maana neno la kusudi ni moyo wa kifungu kile: haitoshi kwamba fulani ameumia, lazima ithibitike kwamba msemaji alitaka kumwumiza.

Tukifika kwenye Katiba ya mwaka 2010, tunapata msingi imara zaidi. Ibara ya 32 inalinda uhuru wa dhamiri, dini, imani na maoni, nayo inataja ajira kwa jina: mtu asinyimwe kazi kwa sababu ya imani au dini yake, wala asilazimishwe kutenda jambo linalopingana na imani yake. Ibara ya 33 inalinda uhuru wa kujieleza. Na Ibara ya 20 inasema kwamba haki hizi zinawafunga watu wote, si serikali pekee. Mwenye shamba hawezi kusema kwamba Katiba inaishia langoni kwake.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakaza fundo hilo. Kifungu cha 5 kinamkataza mwajiri kumbagua au kumsumbua mfanyakazi kwa sababu ya dini, na vilevile kwa sababu ya maoni ya kisiasa au maoni mengineyo. Na mfanyakazi akilalamika kortini, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba ubaguzi haukutokea. Kifungu cha 46 kinasema dini au maoni ya kisiasa si sababu ya haki ya kumwachisha mtu kazi. Kuna kifungu cha 44 kinachoruhusu kufukuzwa papo hapo mfanyakazi anayemtukana mwajiri au aliyewekwa juu yake. Waajiri hukipenda sana kifungu hicho. Lakini kisomeni kwa makini: kinamzungumzia anayemtukana mtu. Mafundisho ya dini hayakutajwa humo.

Kwa hiyo tofauti ya kwanza ambayo twataka mwende nayo nyumbani ni hii: sheria inamlinda mwumini, haiilindi imani isijadiliwe. Mwumini ana mwili, mshahara na heshima, navyo vyaweza kudhuriwa. Imani ikiwa ya kweli haitadhurika kwa mzaha wa mtu wakati wa chakula cha mchana.

Tuchukue mifano. Wafanyakazi wawili wamekaa na sahani zao za githeri wanabishana juu ya Utatu. Mmoja anaona mwenzake amepita kiasi, anakwenda kwa msimamizi. Hapo hapana kosa la kumtoa mtu kazini. Kazi ya msimamizi ni kuwatuliza na kuwarudisha kazini.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi. Msimamizi huwaongoza watu wa zamu yake katika sala kila asubuhi, na anayejitenga huandikwa jina. Siku moja kijana anasema, "Mimi siombi kwa namna hii." Jioni anapewa barua ya onyo: utovu wa heshima na kuidharau dini. Hapo, waheshimiwa, ni nani aliyemkosea mwenzake? Kijana alisema kweli juu ya dhamiri yake, na aliyetumia madaraka kuilazimisha dhamiri hiyo ndiye aliyeikanyaga Ibara ya 32. Mara nyingi neno "ametukana dini" hutoka kinywani mwa mwenye nguvu kumwendea asiye na nguvu, kama zamani neno "mchochezi" lilivyotoka kwa watawala. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Mfano wa tatu unaelekea upande mwingine. Msichana Mwislamu anafanya kazi amevaa hijabu yake, na kila akipita kuna anayemwita gaidi. Au Mkorino kila siku huvutwa kilemba ili watu wacheke. Anayefanya hivyo asijifiche nyuma ya Ibara ya 33. Yeye hajadili imani ya mtu. Anamwinda mtu mahali ambapo hawezi kuondoka bila kupoteza riziki. Hapo mwajiri akinyamaza ameshiriki, na mfanyakazi akilalamika, kulalamika huko hakuwezi kuwa sababu ya kumfukuza.

Twajua baadhi yenu mtasema: "Wakili, Bonde la Ufa si mahali pa kucheza na maneno." Mna haki. Tuliyaona ya mwaka 1992, tena ya Januari 2008, wakati wafanyakazi wa mashamba ya maua walipoikimbia Naivasha na vitu vyao vichwani. Twajua neno "madoadoa" liliwahi kuua. Lakini Katiba yenyewe imekwisha kuchora mpaka. Ibara ya 33 hailindi uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki wala kuhimiza chuki dhidi ya watu kwa misingi ya kikabila au kidini. Anayesema "mafundisho yenu ni ya uongo" anabishana. Anayesema "watu hawa waondolewe hapa" anaita moto. Tukiwaadhibu wote wawili kwa kipimo kimoja, tutakuwa tumempa yule wa pili nafasi ya kujidai kwamba naye alikuwa akibishana tu.

Mahakama za nje nazo zimepima mizani hii. Mwaka 2013 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisikiliza kesi ya Nadia Eweida, aliyekuwa akifanya kazi British Airways na kukatazwa kuvaa msalaba mdogo unaoonekana. Ikaamua kwamba haki yake ilivunjwa, kwa kuwa sura ya kampuni ilipewa uzito mno. Katika hukumu hiyo hiyo muuguzi mmoja alishindwa, kwa sababu hospitali ilikuwa na hoja ya usalama wa wagonjwa. Ndio kusema mwajiri anaweza kuwa na sababu, lakini iwe sababu ya kazi yenyewe. Kutopendezwa kwake si sababu.

Kabla hatujamaliza, tunalo neno kwa mfanyakazi aliyeitwa ofisini leo kwa mashtaka ya namna hii. Kifungu cha 41 kinakupa haki ya kuelezwa kosa lako kwa lugha unayoielewa, na kusikilizwa ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama umchaguaye. Usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Omba uambiwe maneno hasa unayodaiwa kuyasema, ulipoyasemea na aliyeyasikia. Ikiwa ushahidi ni picha ya simu kutoka kundi la WhatsApp, uliza kama maneno hayo yalisemwa kazini au usiku nyumbani kwako. Ukifukuzwa bila haki, Mahakama ya Ajira na Leba inakaa hapa hapa Nakuru, nayo inaweza kuamuru ulipwe fidia hadi mshahara wa miezi 12. Lakini usilale: muda wa kushtaki ni miaka 3.

Kwa hiyo, kwa jina la mageuzi yale yale yaliyoanza kwa kudai kura, tunadai haya:

1. Bunge likifute kifungu cha 138, na kuachia Ibara ya 33 kazi ya kuzuia chuki na uchochezi.

2. Kila mwajiri aandike kanuni zinazotofautisha kujadili imani na kumsumbua mtu, azisome mbele ya wafanyakazi kwa Kiswahili, na asimwache msimamizi aliyeudhiwa kuwa mshtaki na hakimu wa kesi yake mwenyewe.

3. Vyama vya wafanyakazi, na hasa chama cha wafanyakazi wa mashamba chenye makao yake makuu hapa Nakuru, viwafundishe wawakilishi wao vifungu vya 5, 41, 44 na 46.

4. Viongozi wa dini wawaambie waumini wao waziwazi kwamba kumfukuzisha jirani kazi si kumtetea Mungu.

Tulidai vyama vingi kwa sababu tuliamini kwamba Mkenya anaweza kuishi na jirani anayepiga kura tofauti naye. Demokrasia hiyo haijafika shambani ikiwa mtu anaweza kumpinga rais barabarani bila hofu, kisha akaogopa kumwambia msimamizi wake anasali wapi, au kwamba hasali.