Kiti Kilichokataliwa Kununuliwa



Tumezoea kumlaumu maskini anayeuza kura yake. Leo tumtazame tajiri aliyeweza kuzinunua kura, akakataa.

Thomas Fowell Buxton alizaliwa Uingereza mwaka 1786. Wajomba zake, akina Hanbury, walikuwa na kiwanda kikubwa cha pombe London. Mwaka 1808 naye akaingia humo, akawa mmoja wa wenye mali. Sisi tulioona busaa na chang'aa zikibomoa nyumba hatutaificha habari hiyo. Hata hivyo Mungu alimwita mtu huyu.

Mwaka 1818 watu wa mji wa Weymouth walimchagua kuwa mbunge wao. Mwaka 1820, katika majuma machache tu, alizika watoto wanne. Mwaka uliofuata mzee William Wilberforce, aliyechoka kwa kuwapigania watumwa, alimwomba ashike kazi hiyo. Wengi wetu tungalisema, "Niacheni na msiba wangu." Buxton alifikiri muda mrefu, kisha akakubali.

Mwaka 1833 Bunge lilipitisha sheria, na watumwa wapata 800,000 katika makoloni ya Uingereza wakafunguliwa hatua kwa hatua hadi 1838. Lakini wenye watumwa ndio waliolipwa, pauni milioni 20. Watumwa wenyewe hawakupewa kitu.

Ndipo likaja jaribu. Katika uchaguzi wa 1837 Buxton aliambiwa kwamba ni lazima awafungulie wapiga kura vilabu vya pombe na kuwakopesha fedha. "Mkopo" lilikuwa jina la heshima la hongo. Pombe alikuwa nayo, na fedha alikuwa nazo. Akakataa, akashindwa. Hakurudi Bungeni tena, hata alipofariki mwaka 1845.

Ndugu zetu, siku za kampeni magari husimama sokoni na noti hugawanywa. Je, twanyosha mkono? Sisi tunaochuma majani chai tangu alfajiri twajua thamani ya jasho. Basi chukueni shilingi 200, mzigawe kwa miaka 5. Ni shilingi 40 kwa mwaka! Hiyo ndiyo bei yetu? Halafu twalalamika kwamba barabara ni matope.

Na kanisa je? Mgombea akileta bahasha ya mabati, twampa mimbari ahutubu? Afadhali ibada chini ya mti kuliko paa lililonunua ulimi wa mchungaji.

Someni Luka 12:48 nyumbani, baba, mama na watoto pamoja. Aliyepewa kiti ataulizwa habari za kiti. Nasi tuliopewa kura tutaulizwa habari za kura.

Tuombe. Ee Bwana, utupe viongozi wanaoogopa kukukosea kuliko kushindwa. Utupe na sisi mikono isiyouzwa. Amina.