Siri ya mtu si bidhaa

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa katika semina ya siku moja ya walimu na watumishi wa Serikali.



Nimeombwa nizungumze juu ya sheria za kulinda taarifa za watu na wajibu wa wafanyabiashara wa kuzitii. Huenda baadhi yenu mnadhani kuwa hilo ni jambo la wanasheria na mafundi wa kompyuta. Nia yangu ni kuonyesha kwamba linatuhusu sote tuliomo humu.

Chukueni mfano wa mwalimu aliyeishiwa fedha kabla ya mwisho wa mwezi. Anakopa kwa simu, na ili apate fedha anairuhusu programu ya mkopeshaji isome majina na namba zote zilizomo katika simu yake. Akichelewa kulipa kwa siku mbili tu, ujumbe unafika kwa mwalimu mkuu, kwa mkwewe na kwa wazazi wa wanafunzi wake: mwambieni alipe deni. Deni ni shilingi elfu hamsini. Heshima aliyovunjiwa haina bei. Mwezi Novemba, 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha wananchi bila ya leseni.

Je, sheria inasemaje? Katiba yetu, ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi ya maisha yake binafsi. Lakini kwa miaka mingi haki hiyo haikuwa na chombo chake maalum. Hivyo ilitungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023. Na Tume ya kuisimamia ikazinduliwa tarehe 3 Aprili, 2024.

Kwa sheria hiyo, anayekusanya taarifa za watu hana budi kujiandikisha kwa Tume. Aeleze anazitaka kwa kusudi gani, asichukue kuliko anavyohitaji, asizitumie kwa jambo jingine, na azitunze zisivuje. Taarifa za watoto na za miamala ya fedha ya mtu zimewekwa katika fungu la taarifa nyeti. Kampuni inayozitoa taarifa za watu kinyume cha sheria yaweza kutozwa faini inayofikia shilingi bilioni 5.

Yafaa ieleweke kwamba hatuko peke yetu. Nchi za Umoja wa Ulaya zilianza kutumia kanuni zao mwaka 2018, na mwezi Mei, 2023, kampuni ya Meta ilitozwa huko euro bilioni 1.2 kwa kupeleka taarifa za watu wa Ulaya nchini Marekani. Jirani zetu wa Kenya walitunga sheria yao mwaka 2019. Mwezi Septemba, 2023, mamlaka yao iliziadhibu taasisi tatu: mkopeshaji wa simu, ukumbi wa starehe na shule. Adhabu kubwa kuliko zote, shilingi za Kenya 4,550,000, iliiangukia shule, kwa kutangaza picha za watoto bila ya ridhaa ya wazazi. Basi mwelekeo ni dhahiri: wakati wa kushauriana unapita, wakati wa kuadhibiana umefika, wala udogo wa mtu hautakuwa kinga.

Wapo watakaosema kwamba huu ni mzigo kwa mfanyabiashara mdogo. Hoja hiyo ina uzito, kwani kujiandikisha kuna gharama na usumbufu wake. Lakini sehemu kubwa ya utii haihitaji fedha. Wakala wa fedha anayeacha daftari wazi mezani, kila mteja akasoma jina, namba na kiasi cha aliyemtangulia, anahitaji kulifunika tu. Mwenye nyumba ya wageni anahitaji kabati lenye kufuli.

Ndugu zangu, kabla ya kumnyoshea kidole mfanyabiashara, na tujitazame wenyewe. Ni nani kati yetu ambaye hajauziwa karanga katika karatasi yenye jina la mwanafunzi na alama zake? Karatasi ile ilitoka katika ofisi ya mtu. Ni nani hajaona picha ya mtoto anayedaiwa michango ikizungushwa katika kundi la simu? Tuliokabidhiwa majalada ya watu tumekabidhiwa amana, na mwenye amana haigawi.

Kwa hiyo nawaombeni mambo matatu. Kwanza, kabla ya kuandika swali katika fomu, tujiulize jibu lake litatusaidia nini. Pili, karatasi za zamani zichomwe, zisiuzwe. Tatu, mwananchi anayeaibishwa kwa deni aelekezwe kupeleka malalamiko yake kwa Tume, asiachwe alie peke yake. Sheria bila ya watu wanaoijua haimlindi mtu.