Makala Zisizoonekana: Utafutaji wa Maandishi ya Kitaaluma Mtandaoni



Kuna dai ninalokutana nalo mara kwa mara katika rasimu za tasnifu: kwamba mada fulani haijawahi kutafitiwa. Ukimuuliza mwandishi alijuaje, atasema alitafuta katika mtambo wa utafutaji wa Google Scholar asipate kitu. Dai hilo ni zito mno kuegemezwa kwenye ukurasa mmoja wa matokeo.

Chukueni tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare. Mwaka 1963 ilitoka kwa jina *Julius Caezar*. Mwaka 1969, baada ya kusahihishwa, ikaitwa *Juliasi Kaizari*. Anayetafuta kwa tahajia moja huwakosa wahakiki waliotumia nyingine, pamoja na walioandika *Caesar* kwa Kiingereza. Tena Kiswahili hubadilisha neno kuanzia mbele: tafsiri, kutafsiri, mtafsiri, wafasiri, ufasiri. Mtambo uliozoea lugha ambazo neno hubadilika mwishoni hauna budi kusaidiwa. Andikeni kila umbo, muyaunganishe kwa OR ya herufi kubwa, na jina kamili la kitabu mlifunge ndani ya alama za mtajo. Kazi hii inachosha, nakiri, lakini ndiyo utafiti wenyewe unapoanzia.

Mkishapata makala moja nzuri, msiishie kusoma marejeleo yake, maana hayo hurudisha nyuma tu. Mwaka 1955 Eugene Garfield alipendekeza faharasa itakayoonyesha nani amemrejelea nani baadaye, na mwaka 1964 faharasa yake ya sayansi ikachapishwa. Google Scholar, iliyoanzishwa na Anurag Acharya na Alex Verstak mwaka 2004, ilimwezesha kila mwenye intaneti kufanya hivyo bila malipo. Chini ya kila tokeo lililowahi kurejelewa kuna idadi ya kazi zilizolirejelea. Bonyezeni hapo, nanyi mtaufuata mjadala hadi leo. Kwangu mimi hakuna nyenzo yenye manufaa kuliko hiyo.

Hata hivyo, idadi hiyohiyo huchangia kupanga matokeo. Kinachorejelewa sana hupanda juu, kikipanda huonekana, kikionekana hurejelewa tena. Makala ya Kiswahili yenye wasomaji wachache huanzia chini na mara nyingi hubaki huko, hata ikiwa bora kuliko zote. Basi pitieni pia hifadhidata ya African Journals Online na jarida la *Swahili Forum*, kisha mwende maktaba. Jarida la *Kiswahili*, ambalo chimbuko lake ni taarifa za kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili, lina mijadala ambayo mtafiti wa lugha hii hawezi kuiruka.

Sehemu ya lawama ya makala hizi kutoonekana ni yetu sisi wahariri. Google Scholar imeeleza wazi inachohitaji: faili lenye maandishi yanayoweza kutafutika, si picha tupu za kurasa, kichwa cha makala kwa maandishi ya ukubwa unaozidi mengine juu ya ukurasa wa kwanza, majina ya waandishi chini yake, ikisiri iliyo wazi kwa kila msomaji, na orodha ya vyanzo yenye kichwa kinachotambulika, kama vile *References*. Sisi huandika Marejeleo. Tusiifute lugha yetu kwa ajili ya mashine. Tuandike vichwa vyote viwili, na kila makala ipakiwe katika faili lake, badala ya toleo zima kufungwa pamoja. Naomba majarida ya chuo hiki yaanze na toleo lijalo.