TUTUNZE BETRI ZA NDEGE NYUKI WAKATI WA KIANGAZI

(Mazungumzo na wanavijiji wa Mkoa wa Singida)



Leo tumekuja kuzungumza juu ya betri. Labda mtu atauliza, "Betri ina nini hata tuitiwe mkutano?" Tusikilizane kwanza.

Sisi wa Singida tunamjua kwelea kwelea. Ndege huyu ni mdogo, lakini kwa siku moja anaweza kula gramu 10 za nafaka. Wakija milioni moja, wanakula tani 10 kwa siku. Hayo ni magunia 100 ya kilo mia mia. Mtama na uwele wa kijiji kizima unaweza kwisha kabla hatujavuna.

Tangu zamani tunawafukuza kwa kombeo, madebe na kelele. Kundi likiwa kubwa, hayo hayatoshi. Ndege za Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1962, zimesaidia kunyunyizia dawa mahali kwelea kwelea wanapolala. Siku hizi nchini mwetu zinatumika pia ndege nyuki. Hizi ni ndege ndogo zisizo na rubani. Mtu anaziongoza akiwa amesimama chini.

Ndege nyuki nyingi zinaruka kwa nguvu ya betri. Betri ikifa, ndege nyuki ni mzigo tu.

Sasa basi, shida iko wapi? Mvua zetu ni za msimu mmoja. Zinaanza Novemba au Desemba, zinaisha Aprili. Tukishavuna, ndege nyuki ya shambani inaweza kukaa miezi sita bila kuruka. Mwenyewe anaifunika, anaiweka stoo, anaisahau. Mwaka unaofuata masuke yanatoka, na kwelea kwelea wanafika. Anawasha ndege nyuki: kimya! Betri imekufa. Betri hizo ni ghali, na kupata nyingine siku hiyo hiyo si rahisi. Wakati anatafuta, ndege wanakula.

Ndugu zetu, betri si kama jembe. Jembe tukilipaka mafuta na kulitundika, litatungoja. Betri ni kama ng'ombe wa kulima. Hata asipolima, anahitaji kuangaliwa. Ndani ya betri kazi haisimami. Nguvu inapungua kidogo kidogo, hata kama hakuna anayeitumia.

Haya, tufanye nini? Yako mambo matano.

Kwanza, tusiiweke ikiwa imejaa, wala ikiwa tupu. Betri za ndege nyuki ni za lithiamu, jamaa moja na betri za simu zetu. Ikikaa miezi imejaa kabisa, inachakaa upesi na inaweza kuvimba. Ikikaa tupu, inashuka mno, na pengine haitakubali chaji tena. Yafaa iwe na nusu hivi. Betri nyingi zina taa nne ndogo za kuonyesha chaji. Taa mbili zikiwaka, ni nusu. Kwa mwenye mita ya volti, seli moja ikijaa ina volti 4.2. Ya kuwekwa iwe na volti 3.8 hivi. Ikishuka chini ya volti 3, iko hatarini.

Pili, tuitoe kwenye ndege nyuki. Tukiiacha ndani, inaweza kuendelea kunyonywa taratibu.

Tatu, tuiweke mahali pakavu penye ubaridi. Joto ni adui mkubwa wa betri. Chini ya bati, jua la Oktoba linachoma. Kwenye gari lililofungwa ni vibaya zaidi. Hapa tembe la wazee wetu linatufaa, maana paa lake la udongo linazuia joto. Lakini tusiiweke karibu na jiko, nyasi, mafuta ya taa wala magunia. Tuiweke ndani ya chungu kikavu, mdomo wake tusiuzibe kabisa. Tena isikae pamoja na misumari, funguo au sarafu. Vyuma hivyo vikigusa midomo yake miwili, moto unaweza kutokea.

Nne, tuikague kila mwezi. Je, imevimba? Imepasuka? Inatoa harufu? Taa zake ngapi zinawaka? Ikiwa imebaki taa moja, tuichaji mpaka nusu tu, tuirudishe mahali pake. Tuchaji kwa chaja yake, mchana, na mtu awepo akiangalia. Tusichaji usiku tukiwa tumelala.

Tano, tuandike. Hapa ndipo kisomo chetu kinapofanya kazi. Kila betri tuipe namba. Kisha katika daftari tuandike hivi: "Betri namba 1. Tarehe 1 Julai. Taa mbili. Haikuvimba." Mwezi unaofuata tunaandika tena. Tukiona betri namba 1 bado ina taa mbili na namba 3 imebaki na moja, tunajua ipi inachoka. Kichwa husahau, daftari halisahau.

Sasa tutahadhari juu ya jambo moja. Wengi wetu tuna betri za sola za maji ya tindikali, kama zile za magari. Hizo desturi yake ni nyingine kabisa. Hizo zinataka kuwekwa zikiwa zimejaa. Zikikaa na nusu kwa miezi, chumvi ngumu inashika kwenye mabamba yake ya risasi, nazo zinakufa. Betri ya volti 12 ikijaa na kupumzika inasoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12 tu, imeshapungua sana, tuichaji mara moja. Fundi redio anaweza kutupimia kwa mita yake. Maji yakipungua, tuongeze yale maji safi ya betri yanayouzwa dukani. Tusitie ya kisima, maana yana chumvi. Basi tukumbuke: lithiamu nusu, tindikali ijae.

Na betri ya lithiamu iliyovimba tufanyeje? Tusiichaji. Tusiitoboe. Tusiitupe jalalani wala motoni. Watoto wasiichezee. Tuitoe nje, tuiweke juu ya mchanga mbali na nyumba, kisha tumwulize mtaalamu. Ikianza kutoa moshi, tuwaondoe watu wote, kwa sababu moshi wake ni sumu. Anayeweza kufanya hivyo bila kujihatarisha aimwagie maji mengi akiwa mbali. Nyumba ya nyasi haingoji. Betri moja inaweza kuunguza chakula cha mwaka mzima.

Msimu ukikaribia, tusikurupuke. Wiki moja kabla, tutoe betri zote, tuzikague mbele ya daftari letu. Zilizo nzima tuzijaze siku moja kabla ya kazi. Safari ya kwanza iwe fupi na ya chini, bila dawa. Ikienda vizuri, ndipo tuingie shambani.

Ndugu wananchi, chombo ni kipya, lakini kazi ya kutunza tunaijua. Tunatunza mbegu ndani ya kihenge kwa kuwa tunajua mvua itarudi. Kwelea kwelea nao watarudi. Wakirudi, watukute tayari.

Basi, kila aliye na betri akifika nyumbani leo aitazame ina taa ngapi. Kisha achukue kalamu aandike.

 Mwenye swali na aulize.